Bruce Lee Alikuwa Mwalimu Kwanza, Staa Baadaye: Alifunza Nini, na Mbona Alifunga Shule Zake?

Kama umekulia Malaba ama Busia, unaijua video ya mtaa. Kibanda cha mabati, benchi za mbao, televisheni imefungiwa ndani ya kisanduku cha chuma kama mfungwa, jenereta inanguruma huko nje. Unatoa shilingi kumi, ama kama mathe alikuwa sokoni upande wa pili unatoa sarafu ya Uganda na unabishania chenji. Ndani, DJ Afro anakuvunjia muvi kwa Kiswahili cha mtaa, spidi kama makanga wa Bungoma. Ukiboeka unavuka ng'ambo, unakuta VJ Jingo anaangusha muvi ileile kwa Kiganda. Kiganda hukielewi vizuri, lakini teke ni teke, halihitaji mkalimani.

Sisi tulikuwa tunatoka hapo tukiwa tumevimba vifua. Barabara yote ni "waaataaa!", tunapiga mateke ua la mzee wa watu mpaka anatoka na rungu. Na kati ya wote tuliowaona kwa hiyo skrini, mmoja alikuwa juu ya wengine: Bruce Lee.

Miaka mingi nilijua Bruce Lee ni muigizaji aliyejua kupigana. Kumbe nilikuwa nimeshika story kwa mkia. Jamaa alikuwa mwalimu kwanza. Alifunza karate, sorry, kung fu, zaidi ya miaka kumi kabla hajapata muvi ya kumtoa. Na venye alikuwa anafunza ndiyo kitu yenye imebaki, hata kwa watu hawajawahi kumaliza muvi yake moja.

Nilianza kuchimba hii story juu ya beste yangu mmoja na meno yake mawili.

Kwanza, story ya meno

Tulikuwa tunafanya mazoezi kwa holi fulani huku kwetu, Jumanne na Alhamisi jioni. Mwalimu wetu alikuwa mtu fiti, mwenye heshima zake, lakini mfumo ulikuwa mmoja: lipa, fanya zile hatua ulizokariri, pata mkanda wa rangi ingine. Mimi nilikwama njano. Beste yangu alikazana miaka mitatu akafika brauni. Tukimuona tunampigia saluti.

Usiku mmoja akawa anarudi nyumbani kwa miguu, anapita kando ya laini ya matrela. Kama unaijua Malaba usiku unajua ile laini: malori yamejipanga mwendo mrefu yakingoja kuvuka, matanboi wanapika chini ya trela, giza hapa, taa pale. Wasee wawili wakamsimamisha, wakataka simu. Beste yangu akafanya venye tulifunzwa. Akapanga miguu, akaleta ngumi kiunoni, akavuta pumzi.

Yule wa kwanza hakungoja amalize kujipanga. Alimrushia mchanga kwa macho. Wa pili akamgonga na spana ya kufungulia magurudumu. Simu ikaenda, na meno mawili ya mbele yakaenda.

Nilimkuta kesho yake kwao, mdomo umefura kama amemeza chapati nzima. Akaniuliza swali moja, kwa shida: "Buda, miaka mitatu tulikuwa tunajifunza nini?"

Sikuwa na jibu. Lakini nilikuja kugundua Bruce Lee alijiuliza karibu swali hilohilo mwaka wa 1964, na yeye hata hakuwa amepoteza.

Kijana mtukutu wa Hong Kong

Tuanze mwanzo, haraka haraka. Bruce Lee alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 27 Novemba 1940. Babake, Lee Hoi-chuen, alikuwa msanii wa opera ya Kikantoni na familia ilikuwa huko kwa ziara ya kazi. Wakarudi Hong Kong akiwa bado mtoto, na huko ndiko alikulia. Alikuwa anaonekana kwa muvi tangu utotoni, lakini mtaani alikuwa mtu wa mangumi. Vijana wa Hong Kong wakati huo walikuwa wanapigana juu ya mapaa ya majengo, na yeye alikuwa hapo.

Akiwa tineja akaanza kujifunza Wing Chun chini ya mwalimu anaitwa Ip Man. Ndiyo, yule yule wa zile muvi za Donnie Yen. Wing Chun ni staili ya karibu karibu: mikono mifupi, ngumi zinanyooka katikati ya mwili, hakuna kuzungusha mkono kama unafukuza nzi. Hii ilimkaa.

Mwaka wa 1958 alishinda mashindano ya ngumi za shule Hong Kong. Mwaka huohuo akashinda mashindano ya kudansi cha-cha. Usicheke. Ukicheki venye anasonga kwa muvi, hiyo dansi iko hapo kwa miguu.

Lakini fujo za mtaani zilikuwa zimezidi, na wazazi wakaona huyu atawaletea makarao kila siku. Mwaka wa 1959, akiwa na miaka 18, wakampakia kwa meli arudi Marekani, mfukoni ana dola 100. Akafika Seattle, akawa anafanya kazi ya kuhudumia wateja kwa hoteli ya mama mmoja anaitwa Ruby Chow. Akamaliza sekondari. Mwaka wa 1961 akaingia University of Washington. Mwaka wa 1964 akatoka bila digrii.

Mimi mwenyewe niliacha kampasi nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo hapo nilifurahi kidogo. Alafu nikasoma zaidi nikaacha kufurahi. Jamaa aliacha darasa lakini vitabu hakuacha. Alikuwa na maktaba kubwa nyumbani, falsafa, ngumi za kizungu, fensi ya mapanga, anatomia, kila kitu, na alikuwa anaandika pembeni mwa kurasa. Sisi wengine tuliacha vyote viwili.

Mwanafunzi wa kwanza alikuwa mtu mweusi

Hapa ndipo story inaanza kutuhusu.

Wakati huo Marekani, mambo ya rangi yalikuwa moto. Na kwa upande wa Wachina, walimu wengi wa kung fu hawakuwa wanataka kufunza mtu asiye Mchina. Ilikuwa siri ya nyumbani. Bruce Lee akafungua mlango. Mwanafunzi wake wa kwanza huko Seattle anahesabika kuwa Jesse Glover, Mmarekani mweusi. Glover alikuwa mcheza judo, na kilichomsukuma kutafuta njia ya kujilinda ni kwamba akiwa mtoto alipigwa vibaya na karao.

Kwa hilo kundi la kwanza kulikuwa na weusi, wazungu na watu wa asili ya Asia, wote wanatupa ngumi pamoja. Kulikuwa hata hakuna holi. Walikuwa wanafanyia mazoezi kwa maegesho ya magari, kwa bustani, popote palipo na nafasi.

Mwingine alikuwa Taky Kimura, Mmarekani wa asili ya Japani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Marekani ilifungia Wajapani wake kambini, na Kimura alikuwa mmoja wao. Alitoka huko akiwa amevunjika roho, anajiona si kitu. Alikuwa amemzidi Bruce miaka 16, lakini alikubali kufunzwa na huyo kijana, na mpaka uzeeni alikuwa anasema Bruce ndiye alimrudishia kujiamini. Akawa msaidizi wake, akamsimamia harusi, na baada ya Bruce kufa alilitunza kaburi lake kwa miaka mingi. Kimura alifariki 2021.

Ukiangalia hao wawili, unaona walikuja na kidonda kila mmoja. Mmoja alipigwa na askari, mwingine alifungwa na nchi yake. Hawakuja kutafuta mkanda. Na Bruce alielewa kwamba mtu akikuja kwako anataka kujifunza kupigana, uliza kwanza nani alimpiga.

Pigano la 1964

Mwaka wa 1963 Bruce alifungua shule rasmi Seattle, akaiita Jun Fan Gung Fu Institute. Jun Fan lilikuwa jina lake la Kichina. Mwaka uliofuata akahamia Oakland, California, akafungua ya pili na rafiki yake James Yimm Lee. Agosti 1964 akaenda mashindano ya karate ya Long Beach, akaonyesha watu ngumi ya inchi moja: mkono uko karibu kugusa kifua cha mtu, hakuna kuvuta nyuma, alafu jamaa anarushwa mpaka kwa kiti. Watu walidhani ni uchawi. Si uchawi. Nguvu inatoka chini, kwa mguu na kiuno, inapanda mgongoni, na mkono ni mlango wa mwisho tu.

Alafu mwishoni mwa mwaka huo, Oakland, akapigana na kung fu masta mmoja anaitwa Wong Jack Man. Kuhusu hili pigano kila upande una story yake. Linda, mkewe Bruce, alisema wazee wa Kichina walikuwa wanataka Bruce aache kufunza watu wasio Wachina, na Wong alikuja kupeleka huo ujumbe. Upande wa Wong wanasema hapana, ni Bruce alikuwa anajigamba mbele ya watu. Upande wa Bruce wanasema alimmaliza ndani ya dakika tatu. Upande wa Wong wanasema ilichukua zaidi ya dakika ishirini na hakuna aliyeshinda. Hakuna video. Kila mtu achague.

Kitu cha maana ni kile kilifuata. Linda alisema baada ya pigano Bruce alikaa chini akiwa amekasirika, na hakuwa amemkasirikia Wong. Alikuwa amekasirika juu yake mwenyewe. Aliona imemchukua muda mrefu kupita kiasi. Alikuwa amehema. Ngumi zake za Wing Chun zilikuwa za kupiga mtu anayesimama mbele yako, na mtu alipoanza kukimbia na kuzunguka, staili haikuwa na jibu.

Msee wa kawaida angetoka hapo akapige kelele mtaani kwamba ameshinda. Bruce alianza kurekebisha. Akaanza kukimbia kila siku, kuruka kamba, kubeba vyuma. Akaanza kusoma ngumi za kizungu kwa makini, anawatch filamu za Muhammad Ali tena na tena kuona miguu inafanya nini. Akaangalia fensi ya mapanga. Akaangalia mieleka na judo. Mwaka wa 1967 akakipatia kitu chake jina: Jeet Kune Do, maana yake njia ya ngumi inayokatiza.

Sasa, alikuwa anafunza nini?

Nitakueleza kwa lugha ya boda, ndiyo usilale.

*Njia ya panya.* Kuna njia ya kupitia ofisi kubwa ya mpaka, foleni, karatasi, mhuri. Alafu kuna njia ya panya, inakata shambani moja kwa moja. Sisemi uitumie, magendo ni kesi. Lakini kwa ngumi, Bruce alitaka njia ya panya kila wakati. Mkono wenye nguvu unakaa mbele, karibu na adui. Ngumi inanyooka. Usivute nyuma kwanza ndiyo upige, juu ukivuta umemtumia adui barua. Teke linaenda kwa kile kiko karibu, goti ama ugoko, siyo kichwani ili watu wapige makofi. Yale mateke ya juu uliyoona kwa muvi yalikuwa ya kamera.

*Katiza.* Mtu hawezi kukupiga bila kusogea. Akisogea amefungua kitu. Watu wengi wamefunzwa kuzuia kwanza, alafu wapige: moja, mbili. Bruce alisema fanya zote mbili kwa wakati mmoja, ama piga yake ikiwa bado njiani. Mwendesha boda mzuri haingojei lori liingie barabarani ndiyo ashike breki. Anaona tairi la mbele likigeuka kidogo na yeye ameshahama. Ni hicho tu.

*Ingia majini.* Alikuwa na mfano wake kwamba kukariri hatua bila kupigana na mtu halisi ni kama kujifunza kuogelea nchi kavu. Uliza wavuvi wa Sio Port kama kuna mtu alijifunzia ziwa nyumbani kwa kitanda. Kwa hivyo darasani kwake watu walivaa glavu na vikinga, wakapigana kweli kweli, mtu akipigwa anaumia kidogo na anajua kwa nini. Leo hiyo ni kawaida. Miaka ya 60, kwa walimu wengi wa staili za zamani, ilikuwa kama matusi.

*Chukua ya kukufaa.* Hii ndiyo maarufu. Chukua kinachofanya kazi popote kilipo, tupa kisichofanya, ongeza cha kwako. Sisi watu wa Busia tungeielewa kabla yake. Boda boda ilianzia hapa hapa. Miaka ya 60 na 70 wasee walichukua baiskeli, ile kubwa nyeusi ya kubebea gunia, wakaweka kiti cha nyuma, wakawa wanavusha watu kati ya Kenya na Uganda wakiita "border, border". Hakuna aliyewapa leseni ya kubadilisha baiskeli kuwa taxi. Iliwafaa. Pikipiki zikaja, wakachukua hizo. Jina likabaki, likaenda Afrika Mashariki yote.

*Kila mtu na mwili wake.* Bruce alikuwa mtu wa urefu wa kawaida, kama mita 1.7 hivi. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Kareem Abdul-Jabbar, staa wa basketboli, zaidi ya mita 2.1. Sasa utawafunza hao wawili kitu kimoja? Huwezi. Mwenye mguu mrefu anafunzwa kuweka adui mbali, mfupi anafunzwa kuingia ndani. Ukitaka kuona, tafuta *Game of Death*, pigano lao liko hapo, walilipiga 1972. Waigizaji wakubwa kama Steve McQueen na James Coburn pia walikuwa wanamlipa awafunze nyumbani, kila mmoja na programu yake.

Kuna sini moja mwanzoni mwa *Enter the Dragon*, wengi wanairuka wakingoja vita. Anafunza kijana. Kijana anapiga teke la maonyesho, Bruce anakataa. Anapiga tena na hasira, Bruce anakataa. Mara ya tatu kijana anakuwa makini, anamuona aliye mbele yake, teke linatoka safi. Alafu kijana anajisahau kidogo, anapata kofi la kichwa. Hiyo dakika moja na kitu ndiyo darasa lake lote.

Mbona alifunga shule?

Mwaka wa 1967 alifungua shule ya tatu, Los Angeles, na Dan Inosanto akiwa msaidizi wake. Hapo mlangoni aliweka kaburi dogo la mfano, kukumbuka mtu aliyekuwa anasonga kama maji mpaka staili za kukariri zikamkaza akafa. Jamaa alikuwa na utani mkali.

Shule tatu. Jina linapanda. Mastaa wanapanga foleni. Angeweza kuuza hiyo jina kila mji, mikanda, sare, mitihani, vyeti. Ganji ingemwagika. Maisha yake yote alitoa ruhusa ya kufunza kwa watu watatu tu: Kimura, James Yimm Lee na Inosanto. Alafu mwaka wa 1970 akasema shule zifungwe.

Sababu yake ilikuwa hivi. Aliona wanafunzi wameanza kumkariri. Alikuwa ameanzisha kitu cha kuwatoa watu kwa staili, na sasa hicho kitu kinageuka kuwa staili ingine, wanaikariri kama sala. Aliona ni afadhali watu wachache wafanye mazoezi nyumbani na kufikiria kuliko mia wanaopiga ngumi moja kwa laini moja bila kujua kwa nini.

Mwaka huohuo akaumia mgongo vibaya akibeba chuma asubuhi. Madaktari wakamwambia hatapiga teke tena. Akalala miezi. Na kwa hicho kitanda akawa anaandika, daftari baada ya daftari. Aliporudi kusimama, akaenda Hong Kong, akatoa *The Big Boss* 1971, *Fist of Fury* na *Way of the Dragon* 1972. Alikufa Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, ubongo umefura, akiwa na miaka 32. *Enter the Dragon* ilitoka mwezi uliofuata. Yale maandishi yakakusanywa yakawa kitabu 1975, *Tao of Jeet Kune Do*.

Kilichobaki, na kile tumeongeza chumvi

Tuwe wakweli, kwa ground vitu ni different. Bruce Lee hakuwahi kuwa bingwa wa dunia wa kitu chochote. Ukitoa yale mashindano ya ngumi za shule ya 1958, hakuna rekodi ya kupigana ulingoni. Ukisikia msee anakuambia aliua mtu na kidole, mwambie akalale.

Na kuna kitu kingine kinachekesha na kuhuzunisha. Baada ya kufa, wafuasi wake waligawanyika. Kundi moja linasema tufunze tu kile Bruce alifunza, bila kuongeza. Lingine, la upande wa Inosanto, linasema yeye mwenyewe alisema tuendelee kuongeza. Mtu alikufa akipinga watu kung'ang'ania staili, na wakabaki waking'ang'ania yake.

Lakini angalia wapigaji wa leo. UFC ya kwanza ilifanyika 1993, miaka 20 baada ya yeye kufa, na leo hakuna anayeingia kwa ile kizimba na staili moja. Ngumi, teke, mieleka, kukaba, zote. Bosi wa UFC, Dana White, alishamuita Bruce Lee baba wa huo mchezo. Si kwamba Bruce aliuanzisha. Alisema mapema kile ulingo ulikuja kuthibitisha.

Na huku kwetu? Vuka mpaka, panda gari mpaka Kampala, ingia Wakaliga. Hapo ndipo kuna Wakaliwood ya Isaac Nabwana, jamaa aliyetengeneza *Who Killed Captain Alex?* mwaka wa 2010 kwa pesa ya kununua simu ya kawaida. Ndani ya hiyo muvi kuna kung fu masta anaitwa Bruce U. Umeona hilo jina? U badala ya Lee, na VJ Emmie anapiga kelele juu yake mwanzo mpaka mwisho. Na hapo mtaani Wakaliga watoto wanafunzwa kung fu. Hakuna kibali kutoka Hong Kong wala hekalu la Shaolin. Wamechukua kinachowafaa, wakaongeza cha kwao.

Turudi kwa meno

Beste yangu alitia meno ya bandia. Wakati fulani alichukia kabisa mambo ya mazoezi, hata ule mkanda wa brauni alimpa mathe wake akafungia gunia la mahindi.

Nilipomsomea hii story ya pigano la Oakland alinyamaza muda mrefu. Alafu akasema kitu sikutarajia. Akasema mwalimu wetu hakumkosea. Ule mwalimu alimpa miguu, alimpa pumzi, alimpa kuamka mapema. Kile hakupewa ni mtu wa kumrushia mchanga. Na hilo angeweza kujitafutia mwenyewe, kama hangekuwa anaangalia rangi ya mkanda tu. Bruce pia hakumtupa Ip Man. Alibeba kile alipewa, akaanza kuuliza maswali.

Siku hizi Jumamosi asubuhi utampata nyuma ya posho mill fulani, na watoto kumi na kitu, wavulana na wasichana. Vikinga vyao ni slipa kuukuu zimeshonwa pamoja. Hakuna mikanda. Somo la kwanza ni kutoa simu. Kweli kabisa: mtu akitaka simu, mpe. Somo la pili ni kukimbia na kupiga nduru. La tatu ndiyo linaanza mambo ya mikono, na hapo anawarushia vitu kwa macho, majani, vumbi, kofia, mpaka wazoee kutofunga macho. Kuna msichana mmoja mfupi sana, huyo anafunzwa kiwiko na goti tu, kuingia ndani na kutoka. Kuna kijana mrefu kama nguzo ya stima, huyo amekatazwa kabisa kukaribiana na mtu.

Wiki iliyopita nilikuwa hapo nakula rolex yangu nawatazama. Kijana mmoja akasimama, jasho linamtoka, akauliza:

"Kochi, hii staili yetu inaitwaje?"

Beste yangu akacheka, yale meno mapya yakaonekana.

"Inaitwa Fika Nyumbani. Haya, rudi kwa laini."